Usafi wa Binti Awapo Shuleni

Mama mpendwa, Januari inapofika wengi wetu hupanga sanduku la binti anayekwenda kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Tunahesabu madaftari, shuka, ndoo, kandambili na dawa ya viatu. Orodha iliyotoka shuleni tunaifuata mstari kwa mstari. Lakini yako mazungumzo ambayo hayakuandikwa katika orodha hiyo, na mara nyingi tunayaahirisha mpaka binti anapanda basi.

Sisi wauguzi tunaojitolea kuzungumza na wasichana wa sekondari tumezoea kuitwa na walimu kwa maneno haya: "Njooni mtusaidie, wasichana wetu ni wachafu." Tukifika huomba kwanza kuonyeshwa bafu, choo na kamba ya kuanikia nguo. Mara nyingi jibu tunalipata hapo. Binti anayeamka saa kumi alfajiri kupanga foleni kwenye bomba moja, akaambulia nusu ndoo, hakosi usafi kwa sababu ya uvivu. Anakosa maji. Kumkemea mbele ya wenzake hakuongezi hata kopo moja.

Hebu tuanze na hedhi, maana ndiyo inayowatesa zaidi. Wasichana wengi hutumia vitambaa vya kanga kuukuu au fulana za pamba, kama walivyofanya bibi zetu, na hakuna aibu wala hatari katika hilo. Hatari ipo katika kuvikausha. Kwa kuona haya binti huvifua usiku, kisha huvificha chini ya godoro au ndani ya sanduku, na mwezi unaofuata huvivaa vikiwa bado na unyevunyevu. Hapo ndipo huja muwasho, vipele na harufu, naye akiambiwa ananuka huona haya zaidi na huzidi kuvificha.

Mfundishe hivi kabla hajaondoka: kitambaa kilowekwe kwanza katika maji baridi, kwani maji ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi. Kifuliwe kwa sabuni, kisuuzwe vizuri, kisha kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Wakati wa mvua kipigwe pasi. Matroni mmoja tunayemfahamu alizungushia ua wa makuti nyuma ya bweni na kufunga kamba ndani yake, wavulana wasione. Haikugharimu fedha nyingi, na vitambaa vikatoka chini ya magodoro.

Wanaotumia pedi nao wana shida yao, yaani bei. Mwaka 2018 Serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, lakini mwaka 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Wenzetu wa Kenya walipitisha sheria mwaka 2017 inayoitaka serikali iwape pedi bure wasichana wa shule za umma. Binti mwenye pakiti moja hubana matumizi, akavaa pedi moja tangu asubuhi hadi jioni. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita, hata kama haijajaa. Kama fedha haitoshi, ni afadhali avae pedi darasani na vitambaa safi bwenini. Na mnunulie chupi za pamba zisizopungua sita. Hizi wazazi huzisahau kuliko kitu chochote.

Jambo jingine linalotusikitisha ni mabinti wanaojisafisha ndani ukeni kwa sabuni yenye marashi, au hata kwa dawa ya kusafishia vidonda, kwa kuwa wameambiwa wananuka. Uke hujisafisha wenyewe. Sehemu za nje huoshwa kwa maji safi, na baada ya haja kubwa hujifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Ute mweupe usiowasha ni wa kawaida. Ukiwa kama maziwa mgando na unawasha, au ukinuka vibaya, aende zahanati.

Na wavulana je? Jasho la kwapa huanza kunuka katika umri huo kwao pia, na manukato juu ya jasho la jana hayasaidii. Soksi zifuliwe kila siku. Wembe usiazimwe kamwe, kwani huambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Upele unaowasha zaidi usiku, katikati ya vidole na kiunoni, hautibiki kwa mtoto mmoja mmoja. Bweni zima litibiwe siku moja, na shuka zifuliwe kwa maji ya moto siku hiyohiyo, vinginevyo utazunguka kitanda hadi kitanda.

Kwenye kikao cha wazazi kijacho, kabla ya kujadili michango, ombeni mtembezwe vyooni. Kiwango cha shule zetu Tanzania ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Hesabuni. Tazameni kama mlango una komeo kwa ndani, kama maji yapo karibu, na kama kuna mahali pa kutupa pedi zilizotumika. Fundi akihitajika kupigilia komeo, bila shaka hatakosekana miongoni mwa akina baba waliokaa pale.