Gesi Haiishi, Huvuja: Ukarabati wa Kiyoyozi cha Gari Kuukuu la Michezo Kisiwani Mombasa

Utangulizi

Mwenye gari ambalo kiyoyozi chake kimeacha kutoa baridi, awe anaishi Kibokoni, Makadara au Tudor, aghalabu humwendea fundi na kauli moja: "Gesi imekwisha." Fundi naye humjibu kwa kauli iliyozoeleka: "Ilete gari tuijaze." Kisarufi, mazungumzo haya hayana dosari. Kimaana yana kosa, na kosa hilo humgharimu mwenye gari fedha, hufupisha uhai wa mtambo na huchafua anga.

Petroli huisha kwa sababu injini huiunguza. Gesi ya jikoni huisha kwa sababu huwaka chini ya sufuria. Gesi ya kiyoyozi haiunguzwi wala hailiwi na mtambo. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka kutoka mvuke kuwa majimaji na kutoka majimaji kuwa mvuke, mzunguko baada ya mzunguko. Ikipungua, imetoka, na ikiwa imetoka, pana mahali ilipopitia.

Makala haya yanaeleza namna kiyoyozi cha gari kuukuu la michezo kinavyofanya kazi na namna kinavyokarabatiwa katika mazingira ya Mombasa. Sambamba na hayo, yanaonyesha kwamba uteuzi wa kitenzi kimoja, yaani kuisha badala ya kuvuja, unaweza kuuelekeza mkono wa fundi mahali pasipofaa.

Baridi haitengenezwi

Wajenzi wa Mji wa Kale walikabiliana na joto muda mrefu kabla ya kuja kwa mitambo. Kuta nene za mawe ya matumbawe huchelewesha joto la mchana lisiingie ndani, dari za boriti za mikoko huinuliwa juu, na vichochoro vyembamba hutiliana kivuli. Kusi inapovuma, upepo hupita. Ufundi huo haukutengeneza baridi. Ulizuia joto na kulipa njia ya kutokea.

Kiyoyozi cha gari hufuata kanuni hiyo hiyo ya kuliondoa joto, ila kwa nguvu za injini. Gari la michezo la zamani, kwa mfano Datsun 240Z, aina iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973, ni chumba kidogo cha chuma chenye kioo kikubwa kilicholala mbele na kingine nyuma. Jua la kaskazi likishaingia humo halitoki kwa urahisi. Hivyo, kusema kwamba kiyoyozi "hutia baridi" ni usemi wa mazoea. Kwa hakika kinachota joto la ndani na kwenda kulimwaga nje.

Uchotaji huo hufanywa na gesi. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huushindilia mvuke ukawa na kanieneo kubwa na joto kali. Mvuke huo huingia katika kondensa, wavu wa mirija unaokaa mbele ya rejeta katika magari mengi, ambamo hewa ya nje huupunguzia joto mpaka ukawa majimaji. Majimaji hupita katika chupa ya kukaushia, yenye chembechembe zinazofyonza unyevu, kisha hufika kwenye vali yenye tundu jembamba. Yakishapenya tundu hilo, kanieneo hushuka ghafla nayo huanza kuchemka. Mchemko huo hufanyika ndani ya ivapareta, chini ya dashibodi, na joto la kuchemshia hutolewa katika hewa ya ndani ya gari. Hewa iliyonyang'anywa joto ndiyo inayompiga dereva usoni. Unyevu wake nao huganda kuwa matone na kudondoka chini ya gari, ndiyo maana gari lenye kiyoyozi kizima huacha kidimbwi cha maji linaposimama.

Tatizo la gesi ya zamani

Magari yaliyoundwa kabla ya miaka ya mwanzo ya 1990 yalitumia gesi iitwayo R-12, ambayo kwa kanieneo ya hewa ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 30 hivi chini ya sifuri. Ilipendwa kwa kuwa haiwaki na haina sumu kali. Hata hivyo, mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za jamii hiyo hupanda angani na kuharibu tabaka la ozoni linaloikinga dunia dhidi ya miale hatari ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliamuru zipunguzwe, na nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zilipewa hadi mwaka 2010 kuacha kuzitumia.

Mahali pake palichukuliwa na R-134a, isiyodhuru ozoni lakini yenye uwezo mkubwa wa kuongeza joto la dunia: kilo moja yake hulingana na zaidi ya kilo elfu moja za hewa ya ukaa. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016 na kuafikiana kuipunguza hiyo pia. Kwa hiyo, kila gari linalojazwa juu ya tundu lisilozibwa huendeleza madhara ambayo mikataba hiyo miwili ilikusudia kuyakomesha.

Kwa mwenye gari kuukuu, kubadilisha gesi si kumimina mpya pale ilipokuwa ya zamani. R-12 ilisafiri pamoja na oili ya madini, ambayo haichanganyiki na R-134a. Oili hiyo ikiachwa, hubaki imetuama pembeni mwa mtambo, kompresa ikakosa ulainisho na hatimaye ikakwama. Aidha, molekuli za R-134a ni ndogo zaidi, nazo hupenya mipira ya zamani isiyo na utando wa ndani wa nailoni. Jambo hili ni zito katika Porsche 911 za zamani, ambazo injini yake iko nyuma. Mipira ya gesi husafiri kutoka nyuma hadi mbele ya gari, na kila hatua ya safari hiyo ni nafasi ya kuvuja.

Hatua za ukarabati

Hatua ya kwanza ni kutafuta tundu. Kwa kuwa oili husafiri pamoja na gesi, mahali panapovuja huacha doa la mafuta lililoshika vumbi. Fundi makini huanza kwa macho na kitambaa kabla ya kugusa chupa ya gesi. Kisha huujaza mtambo naitrojeni kavu na kupaka povu la sabuni kwenye viungo. Povu likifura, tundu limejitaja. Oksijeni haitumiki kamwe katika kazi hii, kwa kuwa ikikutana na oili chini ya kanieneo kubwa huweza kulipuka.

Hatua ya pili ni kubadilisha vilivyochakaa: pete za mpira kwenye viungo, mipira ya kale, na chupa ya kukaushia, ambayo hubadilishwa kila mtambo unapofunguliwa kwa muda. Oili ya zamani humwagwa na mabaki yake kusafishwa, kisha hutiwa oili inayokubaliana na gesi mpya. Gesi iliyobaki huvutwa kwa mashine na kuhifadhiwa, haiachiliwi hewani. Fundi huvaa miwani na glavu, kwani gesi hiyo ikirukia jicho hugandisha nyama papo hapo.

Hatua ya tatu ni kuvuta hewa. Pampu huunganishwa na mtambo uliofungwa na kuachwa ikifanya kazi kwa nusu saa au zaidi. Katika hali hiyo ya utupu, maji huchemka hata kwa joto la kawaida la karakana, yakageuka mvuke na kutolewa nje. Pampu ikizimwa na mshale wa geji ukabaki ulipo, mtambo umeziba. Mshale ukirudi, kazi ya kutafuta tundu huanza upya.

Hatua ya mwisho ndiyo ile iliyotajwa kwanza na mwenye gari: kujaza. Gesi hupimwa kwa uzito, si kwa kukisia, na mtambo uliohamishwa kutoka R-12 kwa kawaida hupokea R-134a pungufu kidogo, takriban asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa awali. Kuzidisha hakuongezi baridi. Hupandisha kanieneo na kuilemea kompresa.

Mazingira ya kisiwa

Mombasa huongeza majaribu matatu. La kwanza ni chumvi: upepo wa bahari huila alumini ya kondensa taratibu, na kuiosha kwa maji baridi mara kwa mara huirefushia maisha. La pili ni unyevu: bomba likiachwa wazi, hewa nzito ya pwani huingia na maji yake, na maji hayo hugeuka asidi ndani ya mtambo au huganda barafu kwenye tundu la vali. La tatu ni mwendo wa konokono. Katika foleni ya kivuko cha Likoni, au nyuma ya mkokoteni katika barabara ya Ndia Kuu, gari halipati upepo wa kupoza kondensa, na feni inayozungushwa na injini iliyo katika mzunguko mdogo haitoshi. Mafundi wengi huongeza feni ya umeme mbele ya kondensa. Dawa hii ni nafuu, nayo huonyesha kwamba si kila baridi iliyopungua ni dalili ya gesi iliyopungua.

Neno na kazi

Utata wa neno "gesi" hauishii kwenye kuisha na kuvuja. Katika Kiswahili cha kila siku, neno hilo moja hutaja kinachowaka jikoni na kinachozunguka katika kiyoyozi. Tofauti yao ni ya uhai na mauti. Mitambo ya R-12 inaweza kupoza ikitiwa gesi za jamii ya ile ya kupikia, na bei yake ni ya chini, lakini gesi hizo zikivuja ndani ya gari lililofungwa, cheche moja hutosha kuliteketeza. Mteja anayeuliza "mtatia gesi?" hujibiwa "ndiyo" kwa haki. Anayeuliza "mtatia gesi gani, na ya kwanza ilitokea wapi?" hulazimisha jibu jingine.

Hali kadhalika, gereji husema "presha", neno linalotaja pia maradhi ya shinikizo la damu, ilhali vitabu vya fizikia vina "kanieneo", neno linalobeba ufafanuzi wake tumboni: kani juu ya eneo. Haidaiwi hapa kwamba fundi aache neno lake. Wapo watakaosema kuwa ufundi ni mkono, si ulimi. Lakini mkono wa fundi hutumwa na maelezo ya mteja, na mteja hueleza kwa maneno aliyo nayo.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kiyoyozi huondoa joto, kwamba gesi yake haitumiki ikaisha, na kwamba ukarabati wa kweli huanza kwa kutafuta tundu na kumalizikia kwa kujaza. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vimezoea kukusanya msamiati wa ushairi, ubaharia na uvuvi. Msamiati wa karakana unastahili kukusanywa vivyo hivyo, kutoka vinywani mwa mafundi wenyewe, ukapangwa pamoja na istilahi za vitabuni. Kazi hiyo ikifanywa, mwenye gari wa Kibokoni ataweza kumwambia fundi wake: "Kiyoyozi kinavuja, nitafutie mahali." Kwa kauli hiyo, kazi itakuwa imeanza panapostahili.