Milimita 300 kwa Siku Moja: Somo la Mvua Kutoka Bangladesh

(Muziki wa kipindi, kisha unashushwa.)

Uwe kambini Tanzania, Uganda au Burundi, karibu tukae pamoja. Leo tunazungumzia mvua. Tunaanzia mbali, Bangladesh, kwa sababu huko nako wapo wakimbizi wanaolala chini ya turubai kama mimi na wewe.

Bangladesh iko kusini mwa Asia. Ni nchi tambarare, na sehemu yake kubwa imeinuka mita chache tu juu ya bahari. Mito mikubwa ya Ganges, Brahmaputra na Meghna hukutana humo kabla ya kumwaga maji katika Ghuba ya Bengal.

Mvua zake huletwa na upepo. Miezi ya joto ikifika, nchi kavu hupata moto kuliko bahari. Hewa yenye joto hupanda juu, na upepo wa baharini huja kushika nafasi yake ukiwa umebeba unyevu. Upepo huo ni ndugu wa kusi inayovuma pwani ya Kenya na Tanzania. Ukigonga milima, unyevu hupoa na kuwa mvua. Sehemu kubwa ya mvua ya mwaka huanguka kati ya Juni na Oktoba.

Kabla na baada ya miezi hiyo huja vimbunga. Upepo husukuma bahari kuelekea ghuba inayozidi kuwa nyembamba, maji yakakosa pa kwenda, yakapanda nchi kavu. Novemba 1970, kimbunga kimoja kiliua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi.

Nchi hiyo ilijifunza. Mwaka 1972 ilianza mpango wa watu wa kujitolea wanaopita mitaani na vipaza sauti na bendera. Bendera moja, kaa macho. Zikiongezeka hadi tatu, hatari ni kubwa. Mei 2020, kimbunga Amphan kilipokaribia, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa mapema. Waliokufa Bangladesh hawakufika 100.

Sasa sikiliza habari za wenzetu. Wakimbizi wa Rohingya kutoka Myanmar wanaishi Cox's Bazar, kwenye vilima vilivyokatwa miti ili kupata nafasi ya kujenga na kuni za kupikia. Mwishoni mwa Julai 2021, zaidi ya milimita 300 za mvua zilinyesha kambini kwa saa 24. Udongo uliporomoka, na watu wakafa.

Milimita 300 ni kiasi gani? Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 4 kwa 5 lingepokea lita 6,000, yaani madumu 300 ya lita 20. Hilo ni paa moja tu!

Huku kwetu mvua kama hiyo ya siku moja ni nadra, lakini maji hufuata sheria ileile. Msimu uliopita yaliingia nyumbani kwetu usiku kwa sababu mtaro ulijaa takataka, nasi tulikuwa tukisema "tutauzibua kesho". Unga wa mgao ulilowa wote. Kulipokucha, mama alituangalia tu, hakusema neno.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla mvua hazijaanza:

Zibua mtaro wako, na ongea na jirani. Mtaro unaoishia mlangoni kwake utaleta ugomvi.

Weka kadi ya mgao na vyeti ndani ya mfuko wa plastiki, mahali pa juu.

Angalia ukuta wa matofali ya udongo. Ukilowa chini au ukipata ufa mpya, msilale humo. Mwambieni kiongozi wa eneo lenu.

Usiache mti wa mwisho mtelemkoni ukatwe. Mizizi yake ndiyo inayoshika udongo.

Na watoto wasivuke maji yanayokwenda kasi, hata kama yanaonekana machache.

Kesho asubuhi, kabla ya foleni ya maji, chukua jembe. Mimi nitakuwa nimeanza na wa kwetu.

(Muziki unapanda.)