Je, Wajua? Pedali ya gitaa na kapasita ya bei ya pipi

Je, wajua kwamba Ibanez TS808 ya 1979 na TS9 iliyoifuata 1982, pedali mbili ambazo wapiga gitaa huzibishania mpaka usiku wa manane, kimsingi zinatofautiana kwa rizista mbili tu mwishoni mwa njia ya sauti? Kwenye 808 utakuta ya omu 100 na ya omu 10,000. Kwenye TS9 ni omu 470 na omu 100,000. Fundi mwenye mkono mwepesi huigeuza hii kuwa ile kabla chai haijapoa, ila bei ya 808 ya zamani haigeuki kirahisi hivyo.

Je, wajua kwamba Tube Screamer, ndiyo hiyo TS, licha ya jina lake (tube ni vali), haina hata vali moja ndani? Ilibuniwa Japani na Susumu Tamura, na kazi kubwa hufanywa na chipu ndogo ya miguu minane, JRC4558.

Chipu hiyo inaabudiwa kupita kiasi. Muundo wa 4558 ulianzia kwa Raytheon ya Marekani, na kwa miaka mingi imefungwa ndani ya vifaa vya sauti vya kawaida kabisa. Wapo wanaotoa pesa nyingi kupata za zamani. Kama unataka kujaribu, lehemu soketi ya miguu minane badala ya chipu yenyewe, kisha mwenzako achomeke hii na ile huku umegeuza mgongo. Uone kama sikio lako litataja ipi ni ipi.

Kapasita ndiyo yenye neno.

Je, wajua kwamba nyuzi zote sita za gitaa, ukizipiga wazi, sauti zake za msingi ziko chini ya hezi 720? Ule mnene wa E hutetemeka mara 82 kwa sekunde, na ule mwembamba kabisa mara 330 hivi. Sasa ndani ya Tube Screamer, kapasita ya mikrofaradi 0.047 ikishirikiana na rizista ya omu 4,700 huweka mpaka hapohapo kwenye hezi 720. Juu ya mpaka, sauti hukuzwa kwa nguvu zote. Chini yake, kadiri sauti inavyozidi kuwa nzito ndivyo inavyokuzwa kidogo, hadi kupita karibu kama ilivyoingia. Ndiyo maana pedali hii husikika kama inaongea puani, na ndiyo maana solo yake hupenya kati ya ngoma na besi bila kusukumana nazo.

Ng'oa 0.047, weka 0.1, na mpaka unashuka hadi kama hezi 340, juu kidogo tu ya ule uzi mwembamba. Sauti inanenepa papo hapo. Ukiwa peke yako chumbani utafurahi sana. Panda jukwaani na mpiga besi mwenye mkono mzito, mtaanza kugombea eneo moja, na atakayemezwa ni wewe. Kwa bendi kamili mimi nisingevuka 0.068.

Je, wajua kwamba kukoroma kwenyewe kwa pedali hii hutoka kwenye dayodi mbili zilizopishana uso? Wimbi likipanda mno, moja hulikata kichwa. Likishuka mno, nyingine hulikata miguu. Dayodi za silikoni huanza kukata kwenye volti 0.6 hivi, za jerimani kwenye 0.3 hivi, na kitaa chekundu cha LED kwenye karibu 1.7. Ukiweka LED mbili, sauti inakuwa kubwa na wazi zaidi, nayo inafuata nguvu ya mkono wako. Kampuni ya Boss ilichagua njia nyingine kwenye OD-1 ya 1977 na SD-1 ya 1981: dayodi mbili upande mmoja, moja upande wa pili, wimbi likatwe visivyo sawa. Unaweza kuiga hayo kwenye Tube Screamer kwa kuongeza dayodi moja tu. Hakikisha tu mstari uliochorwa mwilini mwake umeelekea upande uleule na wa jirani yake.

Ukizing'oa dayodi zote? Unabaki na kikuzaji cha nguvu, na chipu itakoroma yenyewe itakaposhindwa.

Je, wajua kwamba hata ukishusha kitufe cha Drive hadi mwisho, sehemu hiyo ya chipu na dayodi bado hukuza sauti kama mara 12, na ukiipandisha hadi mwisho hufika kama mara 118? Wengi wenye amplifaya ya vali huacha Drive chini, wakapandisha Level, vali zenyewe zikakoroma.

Je, wajua kwamba kwenye plagi ya umeme ya pedali nyingi za aina hii katikati ni hasi, kinyume na adapta nyingi za ruta? Na ukishawishika kuichomekea volti 18 badala ya 9, fungua kwanza usome ubavuni mwa kila kapasita ya kopo. Iliyoandikwa 16V haitakuvumilia.

Je, wajua kwamba pedali ya mkwaruzo ilizaliwa na hitilafu? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Nashville, mtambo wa kuchanganyia sauti uliharibika mpiga gitaa Grady Martin akirekodi, na mwaka 1962 ikatoka Maestro FZ-1, pedali ya kuzalisha ubovu huo kwa makusudi. Dave Davies wa The Kinks hakusubiri pedali: mwaka 1964 aliichana spika yake kwa wembe.

Je, wajua kwamba Bill Finnegan, aliyeitoa pedali ya Klon Centaur mwaka 1994, aliimwagia bodi yake gundi nyeusi ngumu ili watu wasione kilichomo? Waliichokoa hivyohivyo, na leo nakala zake zimejaa madukani.

Moja la mwisho, la benchini: ukilehemu, usikae na chuma cha moto mahali pamoja. Shaba ya bodi ya zamani hubanduka kama ganda, na hapo itabidi uunge kwa waya. Vipande ulivyong'oa vitie kwenye kijipakiti, ukibandike kwa ndani kwenye mfuniko wa pedali. Siku ya kuuza, mnunuzi atakuuliza viko wapi.