Bahari ya Simu Haiishi Samaki

Msinicheke, wasomaji wangu. Mtu wa makamo yangu, aliyekalia jamvi la chuoni na kusoma alifu na be kwa bakora, hutarajiwa aandike juu ya mashairi, maulidi na lelemama. Leo naandika juu ya michezo ya simu. Naicheza, na baadhi yake naipenda. Na wiki iliyopita, huko Kuruwitu, mvuvi mmoja mzee aliniuliza suala ambalo tangu siku hiyo halijanitoka kichwani.

Mambo yalianza hivi. Nilishikwa na homa nikalala siku tatu, na mpwa wangu, aliyekuja kunijulia hali, akaichukua simu yangu akanitilia mchezo. “Mjomba,” alisema, “huu hauna vita wala kelele. Utakufaa.” Ulikuwa mchezo wa paka uitwao Neko Atsume, uliotoka Japani mwaka 2014. Kazi yako ni kuweka chakula na vitu vya kuchezea uani, kisha uifunge simu uende zako. Ukirudi baada ya saa mbili utakuta paka wamekuja: mmoja kajikunja ndani ya kapu, mwingine anauviringisha mpira. Ukikaa ukiwakodolea macho, hawaji. Sisi watu wa pwani na paka tunajuana tangu zama, na aliyewahi kupita vichochoro vya Lamu hahitaji kuelezwa. Homa iliondoka, mchezo ukabaki.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa mpwa wangu. Amenifundisha kwamba michezo ninayoipenda ina aina tatu. Kuna michezo huru, inayotengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo bila ya kampuni kubwa nyuma yao. Kuna michezo ya kungoja, ambayo huendelea yenyewe hata simu ikiwa imefungwa. Na kuna michezo ya kuiga maisha, ambamo mtu hulima, huvua, hufuga, au hujenga mji mzima. Mchezo mmoja waweza kuwa wa aina mbili kwa pamoja.

Najua wako watakaosema kuwa huu ni upuuzi. Hao nawauliza: na bao je? Mashimo 32, kete 64, na wazee wenye ndevu nyeupe wamelizunguka barazani baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi iwainue. Hakuna aliyesema babu zetu walikuwa wapuuzi. Bao lilitufundisha kwamba kete nyingine huchezwa, na nyingine huachwa ndani ya nyumba zikakusanyika mpaka wakati wake ufike. Mwenye pupa hulala mapema. Basi mchezo tuupime kwa tabia unayoijenga, si kwa chombo unachochezewa.

Kwa kipimo hicho, nitakwambieni nipendavyo na nisivyopenda.

Napenda mchezo uitwao Stardew Valley, uliotoka mwaka 2016. Ulitengenezwa na kijana wa Kimarekani, Eric Barone, kwa muda wa miaka minne na nusu, peke yake. Picha alichora yeye, muziki alitunga yeye, maneno aliandika yeye. Mimi niliyekesha usiku kucha kwa ajili ya kina kimoja tu nilipolisikia hilo nilimvulia kofia. Katika mchezo huo mtu aliyechoshwa na kazi ya ofisini hurithi shamba la babu yake. Mwaka una misimu minne, na kila msimu siku 28. Unapanda, unamwagilia, unangoja. Nakala zaidi ya milioni 40 zimekwisha uzwa duniani, jambo linaloonyesha kuwa wenye kiu ya jembe na utulivu si mimi peke yangu.

Napenda pia kisa cha Will Wright, naye ni Mmarekani. Mwaka 1984 alitoa mchezo wa helikopta inayopiga visiwa kwa mabomu. Alipokuwa akivichora visiwa hivyo akatambua kuwa kuvijenga kunampa raha kuliko kuvibomoa. Fikra hiyo ndiyo iliyozaa SimCity mwaka 1989, mchezo wa kujenga miji, ambao watoto wake na wajukuu wake wamejaa leo katika simu za vijana wetu.

Nisivyopenda ni hivi. Sipendi mchezo unaomwita mtu kama mwenye deni. FarmVille, uliotoka mwaka 2009, ulikuwa ukikawia kurudi shambani mazao yako yanyauka, na watu waliamka usiku wa manane kuvuna nyanya zisizolika. Mwisho wa mwaka 2020 mchezo huo ukafungwa, na mashamba yote yale yakatoweka. Sipendi pia ile inayokungojesha makusudi, kisha ikakwambia: lipa kidogo usingoje. Hiyo ni biashara ya kuuza subira ya mtu kwa mwenyewe. Na mibaya kupita yote ni ile yenye masanduku ya bahati, unayolipia bila ya kujua kilichomo ndani. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kuwa masanduku hayo yanayouzwa kwa pesa ni kamari. Sisi hatukuhitaji kungoja Ubelgiji. Kamari ni kamari, hata ikipakwa rangi na kupigiwa zumari.

Sasa turudi Kuruwitu. Nilikwenda huko kumzuru mkwe wangu. Msiopajua, ni katika pwani ya Kilifi, baina ya Mtwapa na mji wa Kilifi, upande wa bahari wa mashamba ya katani ya Vipingo. Wakati wa maji kujaa nilikaa chini ya kivuli cha makuti pamoja na wavuvi, na kwa kuwa mazungumzo yalikuwa yametulia, nikaitoa simu. Nilikuwa katika Stardew Valley, nimesimama ufuoni, nimetupa mshipi. Nikanasa samaki mmoja, wa pili, wa tatu. Mzee aliyekuwa akishona nyavu kando yangu akasogea kutazama.

“Ustadhi,” akauliza, “hao samaki kesho watakuwako?”

“Watakuwako,” nikamjibu.

“Na ukivua mwaka mzima?”

“Hawapungui.”

Akacheka kwa adabu, akarudi kwenye nyavu zake. “Basi hiyo si bahari,” akasema. “Hicho ni kisima cha hadithi.”

Wasomaji, mzee yule alikuwa na haki ya kusema, kwani wao wa Kuruwitu wameiona bahari ikiisha. Walivua wengi, kwa nyavu za matundu madogo, na wengine walikamata samaki wa mapambo wa kuuzwa ng’ambo wakafugwe katika masanduku ya kioo. Mwaka 1998 maji yakapata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakapauka na kufa. Tumbawe ndiyo nyumba ya samaki. Matumbawe mengine ya mviringo hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka, hivyo nyumba ikivunjika leo, mjukuu ndiye atakayehamia ile mpya.

Wazee wakakaa wakashauriana. Mwaka 2003 wakaunda chama chao cha uhifadhi na ustawi, na mwaka 2005 wakatenga sehemu ya bahari yao ya kiasi cha hekta 30, pasivuliwe kabisa. Wakapaita tengefu, jina lililotoka katika neno letu wenyewe la kutenga. Ndilo eneo la kwanza la matumbawe nchini Kenya kutengwa na kusimamiwa na wanakijiji wenyewe. Si wote waliokubali. Wako walioona kuwa wanafungiwa chungu chao. Lakini baada ya muda samaki wakaanza kurudi ndani ya tengefu, wakakua, wakazaliana, wakavuka mpaka kwenda nje ambako mvuvi ana ruhusa. Na katika miaka ya karibuni watu wa huko wamekuwa wakiotesha matumbawe upya chini ya maji.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani garini nilijiuliza: je, hili si ule ule mchezo wangu wa kungoja? Weka, funga, nenda zako, ukirudi utakuta neema. Lakini tofauti ipo, nayo ni kubwa. Mimi nikingoja paka wangu wa simu sipotezi kitu. Chai yangu ipo, chakula changu kipo. Mvuvi wa Kuruwitu alingoja hali ana watoto wa kulisha jioni ile ile, na samaki aliyeachwa hakuwa wa picha. Subira isiyokugharimu chochote ni mapumziko tu. Iliyo subira hasa ni ile ya mwenye njaa aliyeiona riziki mbele yake akaiacha ikue.

Nilimwambia mpwa wangu hayo. Akanijibu, “Mjomba, mchezo ni mchezo. Bahari ikiisha samaki, nani atacheza?” Nikamwambia, hilo ndilo suala, na Kuruwitu wamekwisha lijibu.

Kwa hivyo nina ombi kwa vijana wetu wenye ujuzi wa kompyuta. Ikiwa Barone aliweza peke yake, nanyi mwaweza. Mkenya, Wesley Kirinya, alitoa mchezo wake, The Adventures of Nyangi, mwaka 2007, na ndugu zetu wa Kameruni wakatoa Aurion mwaka 2016 wenye hadithi za Kiafrika. Basi tutengenezeeni mchezo wa pwani yetu, wenye mshipi, malema na nyavu, na kusi na kaskazi. Bahari yake iweze kwisha. Mchezaji akivua kwa pupa, tafi na changu wapungue mbele ya macho yake, na mtungi wake ulie kwa utupu. Awe na uwezo wa kuwaita wazee wa kijiji, wabishane, watenge sehemu, kisha avumilie siku za ukata mpaka samaki wavuke mpaka. Mchezo huo nitaununua kwa pesa zangu halali, na simu nitampelekea yule mzee wa nyavu aujaribu.

Stardew Valley sikuufuta. Nalima kule kama kawaida, na paka wangu bado wanakuja. Lakini nikitupa mshipi katika bahari ile isiyopungua, naona haya kidogo. Kwa hayo naaga kwa ubeti huu mmoja:

Samaki wa mkononi, hesabu yao ni moja,
Wavue alasirini, asubuhi watakuja,
Lakini wetu wa pwani, wataka watu kungoja,
Kuruwitu tazameni, subira ndiyo faraja.