Mama asiyejua Kifaransa anaweza kumsaidia mtoto kwa Examen d'État

Wengi wenye watoto wa mwaka wa mwisho wanauliza: «Mimi sijui Kifaransa, nitamsaidia namna gani?» Unaweza kumsaidia sana.

Mtihani huu ulianza mwaka 1967. Ili apate diploma, mtoto anapaswa kufikisha 50%. Maswali mengi ni ya kuchagua jibu kati ya majibu kadhaa. Katika lugha kuna pia maandishi ya kusoma, na maswali yanatoka ndani yake. Hapo hata watoto wenye akili wanaanguka: somo wanalijua, lakini wanasoma mbio.

Nusu saa kila jioni inatosha. Fanyeni hivi:

1. Asome kwanza maswali, ili ajue anatafuta nini. Kisha asome maandishi, afunge kitabu, akuelezee kwa Kiswahili, Kifuliiru au Kibembe. Akishindwa kukueleza, hajaelewa. Arudilie.

2. Akichagua jibu, mwulize: «Umeliona wapi?» Aweke kidole kwenye mstari. Jibu linaweza kuwa la kweli katika maisha, lakini kama maandishi hayalisemi, aliache.

3. Apige mstari chini ya maneno madogo: sauf (isipokuwa), toujours (siku zote), jamais (hata siku moja). Neno moja la namna hiyo linageuza swali lote.

4. Mjaribu akili mnapoanika ndagala: «Kila mvuvi wa Kalundu anajua kuogelea. Amisi anajua kuogelea. Basi Amisi ni mvuvi?» Akisema ndiyo, amenaswa. Hatujui, kwa sababu hata fundi wa cherehani wa Mulongwe anaweza kujua kuogelea. Maswali mengi yanatega hivyo.

5. Aondoe kwanza majibu yasiyowezekana. Swali gumu asilale juu yake. Aendelee, atarudi baadaye.

Msitoe franga kwa watu wanaouza «majibu» usiku wa kuamkia mtihani. Tafuteni maswali ya miaka iliyopita, watoto watatu au wane wayafanye pamoja.

Na neno la mwisho, juu ya binti zetu. Kaka yake anasoma, yeye anachota maji, anapika, anaosha vyombo, kisha anafungua daftari wakati usingizi umemshika. Siku ya mtihani wote wawili wanapewa maswali yale yale. Jioni hizi, kazi zigawanywe.