Kwa nini chuma cha mguu hukatika?

Ukisimama Darajani saa za soko, ukaona vespa, daladala na waenda kwa miguu wakigombania njia, hutashangaa kwamba nyumba nyingi zina mtu aliyevunjika mguu akatiwa chuma. Baadhi yao, baada ya miezi, huambiwa chuma kimekatika. Kwa nini?

Wengi hudhani chuma ndicho kinachounga mfupa. Sivyo. Mfupa hujiunga wenyewe kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu. Chuma huushikilia tu usicheze. Mfupa wa paja au muundi huchukua miezi 3 hadi 6, pengine zaidi. Ukichelewa kuunga, chuma huchoka. Chukua waya, uukunje na kuukunjua mara nyingi: utakatika bila ya nguvu kubwa. Kwa mgonjwa, kila hatua ni mkunjo mdogo.

Mambo yanayochelewesha mfupa ni haya:

Vijidudu. Hushika juu ya chuma na kujijengea utando ambao dawa hupenya kwa shida. Hatari ni kubwa zaidi pale mfupa ulipotoboa ngozi.

Sigara na kisukari kisichodhibitiwa. Vyote hudhoofisha damu inayolisha mfupa.

Kukanyagia kabla ya ruhusa, au kupeleka mguu kuchuliwa.

Kasoro katika upasuaji. Chuma kikiwa kifupi au chembamba, au skrubu zikakosa kushika, mfupa hucheza. Kwa ajili hiyo Daktari Lewis Zirkle wa Marekani, aliyeanzisha shirika la SIGN mwaka 1999, alisaidia kutengeneza msumari unaofungwa kwa skrubu juu na chini, hata pasipo mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Msumari huo umetumika sana katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Basi, ndugu, shika miadi ya eksirei hata kama huumwi. Muulize daktari lini ukanyagie na kwa uzito gani, maana msumari na bamba havilingani. Aliyekatazwa kukanyagia asali kwa kukaa. Na bendeji isiyotakiwa kulowa, apake juu yake kwa mkono wenye maji.

Maumivu yakirudi, kidonda kikitoa usaha, au mguu ukipinda, usingoje. Nenda hospitali siku ile ile.