Holi ya mlimani: kwa nini mche mmoja hauzai vitunda vyekundu

Kila Desemba, ndugu na watoto wanaporudi Rombo kwa sikukuu, simu hujaa kadi zenye picha ile ile: majani ya kijani kibichi yenye miba pembezoni, na katikati yake kishada cha vitunda vyekundu. Wengine huja na zaidi ya picha. Huleta pakiti ya mbegu kutoka Ulaya na kumwachia mama aipande mbele ya nyumba. Mama anapanda, anamwagilia, anangoja, hakuna kinachoota. Au mche mmoja unapatikana kwa njia nyingine, unakua vizuri miaka kadhaa, unatoa maua, lakini tunda halionekani.

Mti huo unaitwa holi. Anayeutaka nyumbani kwake Mkuu hana haja ya kuutafuta Ulaya, kwa sababu mlima wetu una holi yake. Ila kuna jambo moja la kulijua kabla ya kutoa hela ya mche, nalo ni lile ambalo kila aliyewahi kupanda papai analijua tayari. Tutalifikia.

Kwanza, kwa nini wenzetu wa nchi za baridi wanaupenda hivyo? Huko miti mingi hupukutisha majani yote, na bustani hubaki vijiti vitupu kwa miezi. Holi ya Ulaya, ambayo wataalamu huiita Ilex aquifolium, haipukutishi. Inabaki kijani na vitunda vyake vinaiva wakati huo huo wa baridi, basi macho yote yanaenda kwake, na ndiyo maana ikaingia katika mapambo ya Krismasi. Marekani kuna aina nyingine inayofanya kinyume: inaangusha majani yote na kuacha vitunda vyekundu vimeshika kwenye vijiti vitupu juu ya theluji. Jamaa hii ni kubwa, ina aina zaidi ya 500 duniani. Hata majani ya mate, kinywaji wanachokunywa watu wa Ajentina, Paragwai na Brazili kama sisi tunavyokunywa chai, yanatoka kwenye mti wa jamaa hii.

Yetu inaitwa Ilex mitis. Inapatikana kutoka milima ya Ethiopia hadi Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, na Kilimanjaro imo katika msitu wa juu, ule wa mkulo na podo, hasa kwenye makorongo na kingo za vijito. Kule kusini Waafrikana huuita mti wa maji, kwa sababu ya kupenda mito. Watu wa huko walikuwa wakisugua majani yake kwenye maji hadi yatoe povu, wakaogea.

Kuutambua si vigumu ukishaujua. Gome lake ni la kijivu cheupe. Majani hayana miba mikali kama yale ya kwenye kadi. Ni laini, yanang'aa kiasi, yamechongoka nchani, na mshipa wa katikati umezama upande wa juu. Tazama kikonyo cha jani na matawi machanga: mara nyingi yana wekundu wa zambarau, na hiyo ni alama nzuri. Maua ni meupe, madogo sana, yamejikusanya pale jani linapoungana na tawi. Vitunda ni vyekundu, ukubwa wa punje ya njegere au chini kidogo. Usiuchanganye na mkrismasi wa Moshi mjini, ule unaowaka maua mekundu mwishoni mwa mwaka. Huo ni mti mwingine kabisa, na wekundu wake ni wa maua.

Sasa lile jambo la papai. Unajua kwamba kuna mpapai dume unaochanua tu na kuning'iniza vishada vya maua, na mpapai jike unaozaa. Holi ni hivyo hivyo. Mti mmoja ni dume, mwingine ni jike. Dume hutoa chavua, hazai hata kitunda kimoja maisha yake yote. Jike huzaa, lakini awe na dume karibu na nyuki wa kubeba chavua kati yao. Mti mmoja peke yake uani, hata ukiuwekea samadi ya ng'ombe watatu, hautakupa vitunda.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza miaka. Muuza miche hawezi kukuambia kwa kutazama mche wa mbegu kama ni dume au jike, maana tofauti haionekani mpaka mti uchanue. Akikuhakikishia, mwulize amejuaje. Jibu pekee linaloridhisha ni kwamba mche huo ni kipandikizi cha tawi, kilichokatwa kwenye mti uliokuwa na vitunda. Kipandikizi hufuata jinsia ya mti kilikotoka.

Kwa miche ya mbegu, tegemea takriban nusu kuwa madume na nusu majike, kama vifaranga. Ukipanda miwili, nafasi ya kupata wote wawili, dume na jike, ni nusu kwa nusu tu. Ukipanda mitano mambo hubadilika: katika mara 16, ni mara moja tu yote mitano itatoka jinsia moja. Kwa hiyo usipande mmoja, wala miwili. Panda mitano, au kubalianeni majirani watatu kila mmoja apande miwili. Nyuki hawajui mpaka wa kihamba, na dume aliye kwa jirani atahudumia majike yako kama hayuko mbali.

Miti ikichanua, kagua ua moja moja. Ua la jike lina kitufe kidogo cha kijani katikati, ambacho ndicho kitakuwa tunda. La dume halina kitufe kinachoonekana vizuri, lina vijiti vyenye unga wa chavua. Ukishawajua, funga kamba ya rangi kwenye shina la kila jike. Dume mmoja anatosha kwa majike kadhaa, kwa hiyo ukiwa na madume ya ziada unaweza kuyaondoa. Lakini bakiza mmoja. Wapo wanaokata "mti usiozaa" kwa hasira, kisha wanashangaa mwaka unaofuata ule uliokuwa ukizaa nao umeacha.

Mbegu utazipata wapi? Si msituni kwa kificho. Tangu mwaka 2005 msitu wa Kilimanjaro uliokuwa hifadhi ya misitu umeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, na kung'oa miche au kukata matawi humo bila kibali ni kosa. Hilo halibadiliki kwa sababu mti ni wa asili ya kwetu au babu alikuwa akikata huko. Pita ofisi ya misitu ya wilaya pale Mkuu, uliza vitalu vya miti ya asili, au ulizia mbegu kupitia Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Na kama kuna mti mkubwa kwenye korongo la kijiji au kihamba cha mtu, omba ruhusa uokote vitunda vilivyoiva. Uokote mapema, kwa sababu ndege hawakusubiri.

Kuhusu zile pakiti za kutoka Ulaya, ziache huko huko. Mbegu za holi ya Ulaya zinahitaji kupita kwenye baridi kali ndipo ziamke, na hata huko kwao huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kuota. Baridi ya kipupwe ya Mkuu, pamoja na ukungu wake wote, haifikii ile. Tena kuingiza mbegu nchini bila kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, hairuhusiwi. Mdudu mmoja au ugonjwa mmoja uliofichwa kwenye pakiti unaweza kuingia kwenye migomba na kahawa ya wilaya nzima, na hapo mapambo ya mbele ya nyumba yatakuwa yametugharimu sana.

Kupanda kwenyewe ni kazi ya kawaida ya kitalu. Ponda vitunda ndani ya maji, sugua nyama yote itoke, kausha mbegu kivulini siku moja tu, kisha sia mbichi hivyo hivyo. Usiziweke kwenye kopo ukingoje mwakani. Tumia udongo wa msituni au wa chini ya migomba uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza, funika kwa udongo kidogo sana, weka kivuli cha majani ya mgomba, na hakikisha unyevu haukatiki. Hazitaota zote siku moja, kwa hiyo usimwage kitalu kwa sababu wiki kadhaa zimepita kimya. Miche ikishapata majani manne hivi, ihamishie kwenye viriba, na iende shambani masika yanapoanza mwezi Machi, ili ipate miezi yote ya mvua kujishika. Anayetumia vipandikizi akate vijiti vingi kuliko anavyohitaji, vya tawi lisilo changa sana wala lililokomaa kuwa kuni, maana si vyote vitatoa mizizi.

Wapi uipande? Hapa Rombo swali hili lina uzito kuliko upande wa Machame au Marangu, kwa sababu maji kwetu ni ya shida na makorongo mengi hubeba maji wakati wa mvua tu. Mti huu umezoea mguu wake kuwa kwenye unyevu. Ukingo wa korongo, kando ya mfongo unaopitisha maji, au pale maji ya kuogea na kuoshea vyombo yanapomwagika, ndipo utafurahi. Sehemu kavu ya chini kuelekea tambarare, usijisumbue.

Na kando ya korongo una faida nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko uzuri wa vitunda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Wengi wameisikia sheria hiyo kama katazo tu: usilime, usijenge. Lakini eneo hilo likiachwa wazi, mvua ya masika inalibomoa na udongo unaondoka. Mti wa asili wenye mizizi inayoshika ukingo, usiohitaji kukatwa kila msimu, na unaoleta ndege na nyuki, ndio unaofaa hapo. Zungumza na kamati ya maji ya kijiji kabla, ili mpande kwa mpango.

Ukitaka kuuweka uani, kumbuka kwamba ukiachwa ni mti mkubwa, unaweza kupita mita 20. Usiuweke chini ya nyaya za umeme wala ukutani. Unaweza kuupunguza kimo na kuufanya kichaka, lakini ukiuchonga kila mara kama ua la ofisini, unachonga na maua, na bila maua hakuna vitunda. Punguza mara moja kwa mwaka, baada ya matunda kwisha.

Kwenye mpaka wa kihamba, acha masale. Mpaka wa Mchagga unajulikana kwa isale, na isale ndilo linalobebwa mtu akienda kuomba radhi. Kung'oa mstari wa masale ili kuweka ua la kisasa kunaweza kukupeleka kwenye baraza la kata kabla mche haujashika.

Wenye watoto wadogo wasikilize hapa. Vitunda vya holi si chakula. Vya ile ya Ulaya vinajulikana kuleta kutapika na kuharisha, na vya kwetu navyo tuwaachie ndege. Lakini hatari kubwa zaidi huenda tayari iko uani kwako. Duranta, ule ua wenye maua ya zambarau na vitunda vya manjano vinavyoning'inia kama shanga, una sumu, na watoto wanavutwa na rangi yake. Lantana, kile kichaka chenye maua ya rangi mbili tatu na vitunda vinavyogeuka vyeusi, majani yake yanadhuru ng'ombe na mbuzi, vitunda vibichi ni hatari kwa mtoto, na ndege wakishavila wanaisambaza hadi ndani ya msitu. Ukipata mtoto amekula vitunda usivyovijua, usimlazimishe kutapika. Mpeleke kituo cha afya haraka, na uchukue tawi lenye vitunda hivyo ili mhudumu auone mmea.

Kwa asiye na korongo wala maji ya kumwaga, na bado anataka wekundu mbele ya nyumba wakati wa kipupwe, kipo kichaka kingine. Hakipukutishi majani, maua yake meupe yananukia, vitunda vyake huanza kuiva vyekundu kuanzia mwezi wa 7 wakati ukungu umetanda, na mche mmoja unazaa peke yake bila kutafuta dume. Ni mkahawa.